Jiwe la kichawi kwenye gemu yetu ya mezani: mtu atajuaje kuwa ni lenyewe?

MamaDadu_Tanga

Wakuu wa jamvi, habari za saa hizi.

Naendesha gemu ya mezani hapa Tanga. Siyo ya kwenye simu. Ni ile ya kuigiza wahusika kwa karatasi, penseli na dadu ya pande 20. Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, barazani kwa shangazi yangu Chumbageni, na kanuni tumezitunga wenyewe mpaka daftari limeachia jalada. Dunia yetu inaitwa Pwani ya Mzingo. Ina majini, mazimwi, walozi, manahodha, na sultani mmoja anayedaiwa kila bandari.

Ndani ya dunia hiyo kuna jiwe adimu linaloitwa kaharamwezi. Kipande cha ukubwa wa punje ya hindi kinampa mlozi uwezo wa kusema na jini bila kafara. Kipande cha ukubwa wa yai kinafunga bandari nzima, hakiingii chombo wala hakitoki mpaka jiwe livunjwe. Linachimbwa kwenye pango nililolichora kwa kuiga Amboni, pamoja na popo na vile vijia vya kutambaa kwa tumbo.

Sasa nina mchezaji mmoja ni mchuuzi wa samaki pale Deep Sea, na mhusika wake ni dalali. Kikao kilichopita wamefika soko la usiku, mzee mmoja akawafunulia kaharamwezi ndani ya kitambaa, bei nusu ya kawaida. Wenzake wameshaanza kuhesabu fedha. Yeye akaweka penseli chini. "Nitajuaje kuwa ni lenyewe? Mimi samaki nafunua matamvua kwanza. Jiwe nafunua nini?" Nikamwambia arushe dadu. Akagoma. "Dadu itasema kama nimeona. Haisemi naangalia nini."

Meza nzima ikamuunga mkono, hata mie moyoni. Tukaahirisha palepale, mzee kabaki na kitambaa chake mkononi.

Ninachoomba: nipeni dalili za jiwe ambazo mchezaji anaweza kuzikagua kwa akili yake, namna watu wanavyoghushi, na safari yake kutoka shimoni hadi sokoni. Mambo ya "upanga unaongeza pointi tatu" naomba tuyaache.

Kinyozi_wa_Mbagala

Dada unajichosha. Weka mlozi pale sokoni, aguse jiwe aseme ndiyo au siyo, gemu iendelee. Watu wamekuja kuua mazimwi, hawakuja darasa la miamba.

MamaDadu_Tanga

@Kinyozi hawa wangu hawajaua zimwi tangu Mfungo Sita. Wanapenda kupatana bei. Kuna siku walishinda jioni nzima wakibishania ushuru wa jahazi, nikaenda zangu kupika wakabaki wenyewe.

Na huyo mlozi wa kugusa, mchuuzi wangu atauliza: mlozi naye nani kamlipa?

Babu_wa_Tochi

Binti, gemu yenu siijui. Mjukuu wangu kaniwekea uzi huu mbele ya macho, kasema babu jibu. Mawe nayajua. Nimenunua na kuuza ya bonde la Umba tangu ujana mpaka macho yalipoanza kugoma, basi nitajibu ya mawe, ya majini mtajaza wenyewe.

La kwanza, litoe jiwe lako pangoni. Mapango ya Amboni ni chokaa, sakafu ya bahari ya kale sana, maji yakaila polepole yakaacha vyumba. Chokaa mbichi vile haizai vito. Vito vinataka mwamba uliobanwa na kupikwa chini kabisa ya ardhi. Hata yakuti nyekundu na vito viitwavyo spineli vya Mahenge, kule Morogoro, vimo ndani ya marumaru, na marumaru ni chokaa iliyokwisha kupikwa. Kwetu mwamba wa namna hiyo uko bara, ukielekea Umba, wilaya ya Mkinga, karibu na mpaka wa Kenya. Mto wenyewe unashuka kutoka Usambara, unavuka mpaka, unamwaga maji yake baharini upande wa Kenya. Tangu miaka ya 1960 watu wanatoa huko kito kiitwacho garneti, na yakuti za rangi usizozitegemea: samawati, zambarau, manjano, kijani, hata rangi ya chungwa.

Pango waachie mizimu. Watu wamezoea kupeleka sadaka zao mle, na ipo hadithi kwamba vijia vyake vinatokea Mombasa. Hiyo ni hofu ya kutosha kwa gemu. Jiwe liweke kwenye kokoto za mto. Garneti ni nzito kuliko mchanga mweupe, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo pale mto unapopinda na kuishiwa nguvu unaziangusha mahali pamoja. Mchimbaji anazungusha chekeche ndani ya maji, nzito zinajikusanya katikati, analipindua chini na kutazama pale katikati tu. Wachezaji wako wakilijua hilo wataacha kukuuliza pango liko wapi, watakuuliza mto unapinda wapi.

La pili, swali la mchuuzi. Huyo kijana ana akili, mwambie mimi nimesema.

Umba kuna garneti inayobadili rangi. Juani ni kijani yenye buluu, ukiingia nayo ndani ukawasha taa ya mafuta ni nyekundu yenye zambarau. Hakuna aliyeifanyia dawa. Ndani yake mna metali mbili, vanadi na kromi, zinameza mwanga wa manjano, zinaachia milango miwili tu, wa kijani-buluu na wa nyekundu. Jua limejaa buluu, basi linapita mlango ule. Moto umejaa wekundu, basi unapita huu. Mgeni ukimwonyesha mara ya kwanza anadhani umebadilisha jiwe mfukoni. Nimeona mtu mzima akinisachi.

Wewe una jiwe la kichawi tayari, unatafuta nini tena? Kaharamwezi iwe hivyo. Na umesema huyo mzee kafungua kitambaa soko la usiku, kwenye taa. Hapo ndipo palipo na mchezo wenyewe. Usiku kila jiwe jekundu ni jekundu. Kipande cha chupa ni chekundu, garneti ya kawaida ni nyekundu, lile la thamani nalo jekundu. Hawezi mtu kulitambua mpaka jua litoke. Mchuuzi aseme hivi: sawa mzee wangu, bei nimeikubali, tukae hapa tunywe kahawa mpaka alfajiri. Halafu mtazame uso. Mwenye jiwe la kweli atakaa. Wa chupa atakuwa na mgonjwa nyumbani.

Lakini usimrahisishie. Muuzaji wa kweli naye ana sababu za kukimbia mchana. Pengine jiwe kaliiba kwa mwenye shimo. Anayeshika sururu machimboni mara nyingi hana mshahara, analishwa na tajiri mwenye kugharamia, anangoja mgawo siku jiwe likitoka. Siku hiyo ikifika na mgawo ukaonekana mdogo, kito huwa kinatoka shimoni kimefichwa mdomoni. Ndiyo bei nusu hiyo. Kwa hiyo mzee asiyetaka kungoja jua anaweza kuwa tapeli, anaweza kuwa mwizi mwenye jiwe safi kabisa. Mchuuzi achague.

La tatu, kughushi. Chupa ni ya watoto. Ukiwa na lenzi utaona viputo vya hewa ndani, na ukilikwaruza kwa garneti halisi linakubali mkwaruzo. Wenye kazi yao ni wale wanaopika. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kuyeyusha unga kwa moto mkali, tone kwa tone, mpaka linakuwa yakuti. Ukichanganya vanadi kwenye unga huo unapata jiwe linalobadili rangi kama la kweli, na limeuzwa kwa watalii wengi duniani kwa jina la jiwe jingine la ghali. Hilo litapita mtihani wa jua. Linashikwa kwa mambo mawili: ni safi mno, halina hata doa la kuzaliwa nalo, na mistari yake ya ndani imepinda, wakati ya jiwe la ardhini inakwenda moja kwa moja. Walozi wa mjini kwenu wawe wanapika hilo. Mimi nikipewa jiwe kubwa lisilo na kasoro, moyo unakuwa mzito kabla mkono.

Mwisho, hizo panga za pointi tatu, za kutengeneza kwa kito. Ugumu na uimara ni vitu viwili. Friedrich Mohs alipanga madini kwa kukwaruzana mwaka 1812, almasi ikakaa juu kwa 10, yakuti 9, garneti iko kwenye 7 na kidogo, kisu cha kawaida hakifiki 6. Watu wakisikia 10 wanadhani haivunjiki. Ipige almasi kwa nyundo uone. Tanzaniti ndiyo usiseme, ina upande mmoja ukiugonga vibaya inakatika bapa kama ilivyotaka yenyewe. Upanga wa kito utamkwaruza adui mara moja, pigo la pili umebaki na mpini. Ukitaka silaha, kaharamwezi isagwe unga, ipakwe kwenye kinoo.

Kinyozi_wa_Mbagala

Shikamoo babu. Mimi naondoa hoja yangu ya mlozi.

Ila kidogo tu: sasa hivi kila nyumba ina taa za LED. Hilo jiwe likiwekwa chini ya LED?

Babu_wa_Tochi

Marahaba. Ile LED nyeupe ina buluu nyingi, wekundu hautoki sawasawa, jiwe linabaki njia panda. Mshumaa, kibatari, au ile balbu ya zamani ya waya. Sokoni mimi nilikuwa natembea na tochi mbili kwa sababu hiyohiyo.

Chumvi_Bagamoyo

Shikamoo Babu wa Tochi, na salamu kwako MamaDadu. Mimi niko Bagamoyo, kwenye mashamba ya chumvi. Babu kamaliza ya shimoni, mimi naongeza ya njiani, na moja la kughushi ambalo linatoka kwetu kabisa.

Kabla ya watu kuzungumza habari za vito, pwani hii ilikuwa inachimba sandarusi. Ni utomvu wa mti uliozama ardhini miaka na miaka mpaka ukawa mgumu kama kito. Karne ya 19 ilikuwa inapitia Unguja kwenda mpaka Salem kule Marekani, wanapikia vanishi ya samani na magari ya farasi. Mti wenyewe, msandarusi, bado unaota pwani, na ndipo penye utamu: unaweza kuupata utomvu mbichi kutoka kwenye mti leo hii, ukauzika, ukauchafua, ukauza kama wa ardhini. Ule mbichi uliitwa chakazi na bei yake ilikuwa chini kabisa. Ule uliokomaa ulikuwa unaoshwa kwenye maji makali mpaka gamba la nje litoke, na chini yake uso wote una vipele vidogo, ngozi ya bata aliyenyonyolewa manyoya. Chakazi haina vipele. Mnunuzi alikuwa anapitisha kidole gumba, basi, mazungumzo yameisha.

MamaDadu, chukua hilo. Kaharamwezi ichanga na kaharamwezi iliyokomaa. Zote za kweli, zote za uchawi, ila ile changa inamwita jini bila kumfunga. Ukinunua kwa haraka unapata mgeni asiyeondoka. Kwangu mimi hiyo ina raha kuliko feki, maana muuzaji hajasema uongo.

Na mtihani wa maji usiusahau. Sandarusi ukiitupa baharini inazama. Ukiitupa kwenye jaruba la chumvi, pale maji yamekolea chumvi imeanza kuganda pembeni, inaelea. Jiwe na kioo vyote vinazama hata hapo. Ninafanya kwa vipande tunavyookota, watoto wa hapa wananiita mganga. Kwenye gemu yako wafanye wasafiri mpaka kwenye majaruba ndipo wapate jibu, na mwenye majaruba awatoze.

Sasa safari. Mnasema jiwe linatoka bara linafika sokoni kana kwamba limepanda basi la saa kumi na mbili. Misafara iliyokuwa inashukia Bagamoyo ilikuwa ya watu kwa miguu. Mpagazi mmoja alibeba karibu frasila mbili, na frasila ni ratili 35, kama kilo 16. Juu ya mzigo ana mkeka wake na chungu. Na njiani hongo: kila mtawala ambaye msafara unapita kwake anadai chake, Ugogo walisifika kwa hilo, kwa sababu maji yalikuwa yao na bila maji huendi. Hongo hailipwi kwa jiwe. Inalipwa kwa nguo ya merikani, kwa waya, kwa ushanga. Na ushanga nao una tabia zake. Samesame nyekundu inapendwa mahali hapa, vijiji vichache mbele hawaitaki hata bure, wanataka nyeusi au nyeupe. Mfanyabiashara aliyenunua ushanga mbaya pwani anafika katikati ya nchi ana mizigo na mizigo isiyonunua hata kuku.

Hapo ndipo jiwe linakuwa adimu, dada. Huko mtoni yawezekana kuna vikapu vyake. Kinachokosekana ni mtu wa kulibeba, maji ya kumnywesha, na ushanga unaokubalika. Ukiwawekea wachezaji wako mgodi mzima ukawaambia haya chukueni, watafika pwani na mawe matatu tu, nusu ya wapagazi wakiwa wamewatoroka na mizigo.

Kinyozi_wa_Mbagala

Naona hii gemu siku hizi ni ya wahasibu. Lakini mpagazi akitoroka na kaharamwezi changa, jini likamtokea porini peke yake... hapo nipo.

MamaDadu_Tanga

Shikamoo babu, na Chumvi ahsante sana, nimewasomea yote shangazi akiwa jikoni, kasema na yeye Jumamosi anakaa.

Nimeamua hivi. Pango linabaki, ila ni la mizimu tu, jiwe linahamia kwenye kona za mto. Mabadiliko ya rangi nayachukua jinsi yalivyo, nyekundu motoni na kijani juani, na uchawi wake unafanya kazi pale tu linapokuwa jekundu. Maana yake mlozi mwenye kaharamwezi mchana kweupe ni mtu wa kawaida, na kila nyumba ya sultani usiku inazimwa taa. Hilo limekuja lenyewe wakati nasoma ya babu, wala sikulitafuta.

Changa na iliyokomaa nimeichukua pia, lakini vipele siweki. Naweka mtihani wa jaruba: iliyokomaa inazama, changa inaelea. Najua kwa sandarusi siyo hivyo, Chumvi usinune, hili langu ni jiwe na huku ni Mzingo. Majaruba yatakuwa mali ya bibi mmoja mwenye ulimi mkali, na bei yake siyo fedha, ni siri moja kwa kila kipande. Mchuuzi wangu ana siri nyingi, tutaona.

Wahusika waliokwisha kujitengenezea visu vya kaharamwezi sitawapokonya. Nitasubiri wapige pigo la pili.

Kimebaki kimoja, babu. Nimenunua shanga za kioo nyekundu za kuchezea, na jirani yetu fundi wa vito kaniazima kipande kidogo cha garneti ya Umba inayogeuka, kwa sharti nirudishe usiku uleule. Nataka Jumamosi tucheze mpaka magharibi, nikichanganye na shanga, wakague wenyewe kwa macho, kwanza juani halafu kwenye giza. Kibatari tulichonacho ni cha mafuta ya nazi. Kitatosha kuleta wekundu?

Babu_wa_Tochi

Kitatosha, mradi ndimi zake ziwe za manjano na hapo barazani mzime taa ya umeme, hata ya jirani ikimulika itakuharibia. Jiwe lishikwe kwa koleo ndogo juu ya karatasi nyeupe, lisiachwe kwenye kiganja cha mtu. Mwanga upite kutoka nyuma. Na msilisogeze kwenye moto kulipasha, garneti ikipata joto la ghafla inaweza kupasuka, na hiyo ni ya watu.